Kiswahili Ninakijua Tangu Utotoni, Mbona Dar es Salaam Naonekana Mkali?

SWALI: "Mimi ni mwanamke wa Kenya mwenye umri wa miaka 34, nimezaliwa na kukulia Nakuru. Miezi saba iliyopita nilihamia Dar es Salaam kusimamia kikundi cha watu tisa katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Nilifurahi kwa sababu niliona siendi ugenini: Kiswahili ninakijua tangu utotoni. Sasa kila siku napata somo chungu. Kwa mama lishe nikisema 'nipe chai na chapati mbili', wanawake wanatazamana. Karani wetu mmoja, mzee wa rika la baba yangu, nilimuuliza mbele ya wenzake kwa nini hati hazijatoka, na tangu siku hiyo hunijibu kwa neno moja. Kwenye vikao kila mtu husema 'sawa', kisha kazi haifanyiki. Wiki tano zilizopita jirani yangu alifiwa na mama yake. Nilimtumia pesa kwa simu siku hiyo hiyo, lakini sikwenda msibani kwa kuwa nilikuwa na kazi, na sasa anapita kama hanioni. Nimeanza kuzungumza Kiingereza ofisini ili nisikosee, nikasikia kwamba ninajidai. Usingizi umepungua, Jumapili jioni moyo unanienda mbio, na mara mbili nimelia ndani ya bajaji. Je, Watanzania ni wanafiki, au wanatuchukia Wakenya? Au ni mimi mwenye tatizo? Niache kazi nirudi nyumbani?"

JIBU: Dada yangu, kabla ya yote pokea salamu zangu, na pole kwa miezi saba ambayo bila shaka imekuwa mirefu kuliko inavyohesabiwa kwenye kalenda. Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza niliyaona maswali uliyoyaandika mwishoni. Mara ya pili niliona swali jingine ambalo hukuliandika lakini lipo katika kila mstari: inawezekanaje mtu akawa mgeni ndani ya lugha yake mwenyewe? Nitaanza na hilo, kwa sababu mengine yote yanatoka humo.

Majibu mafupi nayatoa mapema ili usisome kwa wasiwasi. Katika yote uliyoyaeleza sioni dalili kwamba watu wanakuchukia kwa sababu ya Ukenya wako, unachokiita unafiki kina maelezo mengine nitakayokupa, na wewe huna kasoro ya tabia. Kuhusu kuacha kazi, maoni yangu ni kwamba usiamue sasa.

Ungehamia Ureno au China, kila mtu angekuona mgeni kabla hujafungua kinywa, nawe mwenyewe ungejiandaa: ungeuliza watu wanasalimianaje, ungekosea na ungesamehewa. Mzungu akifika kwa mama lishe wa Kurasini na kusema "nipe chai", watu hucheka kwa furaha na kumsifu kwamba anajua Kiswahili. Wewe ukisema maneno hayo hayo, hakuna anayefikiria kwamba huyu anajifunza. Wanamsikia mtu mzima, mwenye lugha yake, aliyechagua kuwaamrisha. Mwaka 1983 mwanaisimu Jenny Thomas alilieleza jambo hili vizuri: makosa ya sarufi humfanya mgeni aonekane hajui lugha, lakini makosa ya matumizi humfanya aonekane hana adabu, na kadiri anavyoisema lugha kwa ufasaha ndivyo watu wanavyozidi kuamini kwamba amekusudia. Ufasaha wako, kwa hiyo, umekunyima msamaha anaopewa mgeni, na pia umekuficha wewe mwenyewe kwamba umehama nchi.

Tofauti yenyewe ina historia. Kiswahili sanifu ni mali yetu ya pamoja: mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa lugha ya vitabu na shule, na mwaka 1930 kamati ya pamoja ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kuisanifisha. Maneno tulipewa yale yale. Maisha ambayo maneno hayo yaliishi ndiyo yaliyotofautiana. Katika bara ya Kenya, na Nakuru kwenu ilikuwa katikati ya mashamba ya walowezi, Kiswahili kilisikika miaka mingi kikiwa lugha ya amri, mlowezi akimtuma kibarua, na namna hiyo ya kusema ikapewa hata jina lake, Kisetla. Adabu za ndani, za kuomba, kubembeleza, kufariji na kuposa, zilibaki katika lugha za nyumbani, na baadaye zile za ofisini zikahamia katika Kiingereza. Kiswahili kilikuja kuwa somo la lazima la kutahiniwa katika shule zenu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, na Katiba ya mwaka 2010 ikakifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini mtihani hupima ngeli na methali, haupimi jinsi ya kumwomba mzee akupishe njiani.

Upande huu wa mpaka, Kiswahili kilibebeshwa kila kitu. Kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma, ya Bunge, ya mikutano ya mtaa, ya mahubiri, ya kudai deni na ya kumsitiri mdaiwa. Watoto wengi wa Dar es Salaam hawana lugha nyingine ya kuwekea adabu, kwa hiyo wameiweka yote humo, na wanaisikia ikikosekana kama wewe unavyosikia chumvi ikikosekana kwenye mboga. Simsemi hapa Mkenya wa Mombasa au Lamu, ambako adabu hiyo ni ya kale kuliko Dar es Salaam yenyewe, mji ulioanza kujengwa na Sultani Majid katika miaka ya 1860. Wala sidai kwamba jiji letu ni la malaika. Panda daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni na utasikia Kiswahili kisichoomba chochote kwa mtu yeyote.

Tuje kwenye chai yako. "Nipe" si tusi. Mama humwambia mtoto wake, na marafiki wa shule huambiana. Kwa mtu asiyezoeana naye, hata kama anamlipa, mtu wa Dar es Salaam husema "naomba chai na chapati mbili", au "nisaidie chai", au akiongeza heshima, "naomba unipatie". Akitaka kuuliza jambo linaloweza kumsumbua mwenzake, huanza na "samahani", kisha hulirudisha ombi lake katika wakati uliopita, "nilikuwa naomba kuuliza", ingawa anauliza sasa hivi, ili ombi lisimkabili mtu uso kwa uso. Na mara nyingi humtaja anayeambiwa kwa jina la udugu: mama, dada, kaka, mzee, anko, shangazi. "Wewe" tupu, bila jina lolote kama hayo, husikika kama kidole kilichonyooshwa. Hakuna neno hata moja hapa ambalo hulijui, dada yangu. Ulichokosa ni mazoea, na mazoea ya namna hii hujengeka kwa wiki chache ukiyashika kila asubuhi kwenye meza ile ile ya chai.

Salamu zitakudai uvumilivu zaidi, kwa kuwa zinachukua muda nawe ni mtu unayeuthamini muda. Kwa mtu wa hapa mazungumzo yamekwisha kuanza salamu inapoanza. Anayeingia ofisini na kuuliza "ile hati iko wapi?" ni kama aliyeingia chumbani bila kupiga hodi: huenda ana haja ya kweli, lakini haja yake haisikilizwi vizuri kwa sababu mwenye chumba bado anaushangaa mlango. "Habari za asubuhi, za nyumbani, watoto hawajambo?" humaliza nusu dakika, na katika nusu dakika hiyo mwenzako amekwisha kukuonyesha kama amelala vizuri, kama ana mgonjwa nyumbani, kama leo ni siku ya kumbana au ya kumwacha. Hizo ni taarifa ambazo msimamizi anazihitaji kabla hajauliza habari ya hati.

Sasa karani wako. Nadhani hapa ndipo kosa lilipouma zaidi, na ndipo kusahihisha kunaweza kuleta nafuu ya haraka. Kwetu cheo hakifuti umri. Wewe ni bosi wake, lakini yeye ni mzee wako, na kila asubuhi "shikamoo" ni haki yake na "marahaba" ni haki yako. Nimewaona wakurugenzi wakiwaamkia walinzi wazee wa getini, na hakuna aliyeona ajabu. Ulipomuuliza mbele ya wenzake, swali lako lilikuwa la kazi, lakini yeye alijisikia anavuliwa nguo hadharani na mtu wa umri wa binti yake. Mfuate akiwa peke yake na umwambie: "Shikamoo, mzee. Siku ile nilikuuliza mbele ya watu, nikakukosea heshima. Mimi ni mgeni wa taratibu za hapa, lakini ugeni si ruhusa ya kumkosea mzee. Naomba unisamehe." Usiongeze kwamba hata hivyo hati zilikuwa zimechelewa. Hilo lina siku yake. Siwezi kukuahidi kwamba atacheka nawe siku hiyo hiyo, maana wazee wengine huchukua muda. Lakini akikujibu "yameisha", amini kwamba yameisha, na usiyafukue tena.

Nami niliwahi kusimama mahali ulipo, ila kwa upande wa pili. Nilipokuwa nikisoma Nairobi, duka la karibu na chumba changu lilikuwa na dirisha la nondo, na kila jioni nilisimama pale nikianza, "Habari za jioni, dada, samahani, nilikuwa naomba…" Kabla sijafika kwenye mkate, watu watatu walikuwa wamenyoosha mikono juu ya bega langu, "nipe maziwa", "nipe mayai mawili", wamelipa na kuondoka. Kwa mwezi mzima niliamini kwamba watu wa mji ule wamekosa malezi. Muuza duka ndiye aliyenifumbua macho, siku aliponiambia kwa upole kabisa kwamba nikitaka kumsaidia nimtajie haraka ninachotaka, kwa sababu foleni iliyo nyuma yangu inamwangalia yeye. Kule, kumheshimu mtu ni kutompotezea muda. Watu walikuwa wakiheshimiana mbele ya uso wangu kila jioni, nami sikuwa na jicho la kuiona heshima hiyo. Kwa sababu hiyo sikuombi uamini kwamba adabu ya Dar es Salaam ni bora kuliko ya kwenu. Ninakuomba uamini kwamba ipo, hata pale ambapo wewe unaona uzungukaji tu, na kwamba ukali wanaouona kwako huenda kwako ni uaminifu.

Hili la "sawa" ndilo linaloigharimu kazi yako, kwa hiyo nitakaa nalo. Unaliita unafiki kwa sababu kwa kipimo chako "sawa" ni ahadi. Katika kikao cha hapa, "sawa" inayotolewa mbele ya mkubwa mara nyingi ina maana ya "nimekusikia, na sitakupinga mbele za watu". Kumkatalia msimamizi hadharani ni kumwaibisha, na wengi hapa wataona heri kazi ichelewe kuliko mtu aaibike. Anayekuambia "sawa" huku akijua kwamba mzigo hautatoka Ijumaa anategemea kwamba utausikia ukimya wake, utaona kwamba hakuuliza swali lolote wala hakutaja ataanzia wapi, na baadaye utamfuata pembeni. Waliokulia hapa husikia tofauti kati ya "sawa" tupu na "sawa, basi mimi naanza na nyaraka za forodha, mwenzangu afuatilie malipo". Ya pili ni ahadi. Vivyo hivyo "tutajitahidi", "tutaangalia", "panapo majaaliwa" na "nipo njiani" isiyotaja mtu amefika wapi, zote zinasubiri swali la pili lililo la upole. Mwanaanthropolojia Edward Hall alizitofautisha jamii ambazo maana hubebwa zaidi na maneno yenyewe na zile ambazo hubebwa zaidi na mazingira ya usemi: nani yupo, nani mkubwa, nini kimenyamaziwa. Hakuna jamii iliyo upande mmoja kabisa, lakini ofisi yako ya sasa imeegemea upande wa pili kuliko ile uliyotoka, na wewe unaisikiliza kwa sikio la kwanza.

Badilisha swali, basi. "Mtamaliza Ijumaa?" lina jibu moja tu la adabu. "Kitu gani kinaweza kutukwamisha kabla ya Ijumaa?" linampa mtu ruhusa ya kutaja tatizo bila kukupinga, kwa kuwa sasa tatizo ndilo jibu uliloomba. Uliza hivyo kwa mmoja mmoja, baada ya salamu, kwenye meza yake badala ya kumwita kwenye meza yako, na kikao ukitumie kutangaza yale ambayo yamekwisha kukubaliwa pembeni. Siku mtu wa kwanza atakapokuletea habari mbaya mapema, mshukuru mbele ya wenzake wote, hata kama habari hiyo imekukata maini; wenzake wanane watakuwa wanakutazama usoni ili wajue kama nao wanaweza kuthubutu.

Sitakuficha kwamba adabu hii ina gharama zake. Katika kazi yenu, kontena linalokaa bandarini kupita siku zinazoruhusiwa huanza kutozwa ada ya kuhifadhiwa, na ada hiyo haimwonei mtu haya. Una haki, tena ni wajibu wako, kudai tarehe, kuandika nani anafanya nini, na kumwonya asiyetimiza, ili mradi onyo litolewe faragha. Wapo pia, hapa kama kwingine, wanaojificha nyuma ya "sawa" kwa uvivu. Utawatambua kwa sababu hata ukiwafuata pembeni kwa upole, hawana kikwazo cha kukutajia.

Kiingereza kiache kwa wateja wa nje na kwa barua zinazokihitaji. Mtu anayejua Kiswahili anapochagua Kiingereza kwa Waswahili wenzake, husikika kama aliyevuta kiti chake mbali na meza, na wale wasiokimudu vizuri ndio watakaozidi kunyamaza. Wala usijilazimishe kuiga lafudhi ya hapa au misemo ya vijana wa Kariakoo. Lafudhi ya Nakuru haimkeri mtu. Ni afadhali uwaambie watu wako wazi, siku moja tulivu: "Mimi nimelelewa kusema jambo kwa kulinyoosha. Nikisema kwa namna inayowaumiza, naomba mniambie, au mumtume mmoja wenu aniambie." Huyo mmoja ni muhimu kuliko unavyodhani. Mtafute mtu, mara nyingi mwanamke mwenye umri mkubwa kidogo kuliko wako, anayekubalika na wengine, ambaye unaweza kumuuliza jioni, "Dada, leo nilipowaambia vile, wamesikiaje?"

Sasa nizungumzie machozi ya kwenye bajaji. Mwaka 1960 mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alieleza kwamba mtikisiko wa kuishi ugenini hutokana na kupotea kwa zile ishara nyingi ndogo ambazo nyumbani tunazitumia bila kufikiri: lini kupeana mkono, lini kukubali mwaliko na lini kuukataa, lini kuichukua kauli kwa uzito na lini kutoichukua. Nakuru hukuwa ukitumia akili kununua chai. Sasa kila chai ni mtihani, na anayefanya mitihani hamsini kwa siku hufika nyumbani amechoka kuliko aliyebeba magunia, kisha hulala vibaya kwa sababu bado anaisahihisha ya mchana. Huenda umesikia kwamba hali hii hufuata mchoro mmoja, furaha kwanza, kisha huzuni, kisha mazoea. Wazo hilo lilitokana na utafiti wa Sverre Lysgaard wa mwaka 1955 kuhusu Wanorwe waliorejea kutoka Marekani, na tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba watu wengi hawaufuati mchoro huo. Usijipime nao, na usijione umechelewa kupona.

Zipo pia sababu za mwili, ambazo sisi tunaoshughulika na mawazo ya watu huwa tunazisahau. Nakuru iko mita zipatazo 1,850 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa blanketi. Dar es Salaam iko ufukweni, na joto lake lenye unyevu hukata usingizi hata wa mtu asiye na wasiwasi wowote. Feni, madirisha yenye wavu na kuoga kabla ya kulala vitakusaidia kweli. Aidha, umetoka nyanda za juu ambako malaria ni chache ukaja pwani. Ukipata homa hata ndogo, kichwa kikiuma au ukiona uchovu usioelezeka, nenda ukapime kabla ya kuuita msongo wa mawazo, na ulale ndani ya chandarua kila usiku.

Kuhusu kuacha kazi, usiamue Jumapili jioni, kwa sababu saa hiyo moyo wako tayari unaishi Jumatatu. Jiwekee tarehe, tuseme miezi mitatu kuanzia leo, na mpaka hapo fanya haya niliyokueleza kwa moyo mmoja. Kurudi sasa kuna faida yake, nayo ni nafuu ya papo hapo. Lakini utarudi umebeba imani kwamba Watanzania ni wanafiki na kwamba wewe huwezi ugenini, na imani zote mbili si za kweli. Kubaki nako kuna gharama: mzigo mkubwa wa kubadilika utaubeba wewe, kwa kuwa wao ni wengi nawe ni mmoja, na sitajifanya kwamba hilo ni haki kabisa. Ikifika tarehe hiyo bado unaamka na hofu, kurudi nyumbani kutakuwa uamuzi wa mtu anayejua anachokiacha, wala hakutakuwa na aibu ndani yake. Wakati huu wote, mara moja kwa wiki kaa na Wakenya wenzako mseme "nipe" bila kujipima. Ila mkikutana kila jioni kuwasema wenyeji, mtakuwa mnatonesha kidonda.

Yote niliyoyasema yanahusu kutoelewana. Ukitukanwa kwa uraia wako, ukitishwa, ukiguswa usivyotaka, au mtu akizuia pasi yako ya kusafiria, hilo ni jambo jingine na halitibiwi kwa salamu; andika tarehe na maneno yaliyosemwa, lipeleke kwa maandishi kwa uongozi wa kampuni, na lisiposikilizwa, uufikie Ubalozi wa Kenya uliopo hapa jijini au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi. Na kuhusu afya yako, barua yangu haiwezi kuchukua nafasi ya mtu anayekuona usoni. Ikiwa huzuni au kukosa usingizi kunaendelea karibu kila siku kwa zaidi ya wiki mbili, hamu ya chakula imeondoka, au huwezi tena kufanya kazi za kawaida, nenda Hospitali ya Taifa Muhimbili, au Amana, Mwananyamala au Temeke, na useme wazi kwamba unahitaji kuonana na mtaalamu wa afya ya akili. Yakikujia mawazo ya kutotaka kuishi, usisubiri wiki mbili wala siku mbili: mwambie mtu aliye karibu akupeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Nimemweka jirani yako mwishoni kwa sababu ndiye ninayetaka uanze naye. Pesa uliyotuma ilipokelewa na ilisaidia, na hakuna aliyeidharau. Lakini rambirambi huandikwa daftarini, ilhali aliyekuja kuketi mkekani hukumbukwa miaka mingi. Wanawake hufika na khanga zao, wakaketi chini, wengine wakichambua mchele, wengine bila kusema neno. Nusu saa baada ya kazi ingetosha, nawe hakuna aliyekuambia. Wiki tano zimepita na arobaini bado haijafika, kwa hiyo hujachelewa mno. Nenda Jumamosi alasiri ukiwa umejitanda khanga au mtandio, na usiende mikono mitupu. Kilo mbili za sukari zinatosha. Piga hodi mara tatu, na usipojibiwa, rudi nyumbani uje siku nyingine. Akifungua, mwambie: "Pole sana, dada, kwa kufiwa na mama. Siku ile nilituma kwa simu na mwenyewe sikuja. Nilikosea. Nimekuja sasa." Kisha nyamaza umsikilize. Akikukaribisha, vua viatu mlangoni na uingie hata kama ulipanga kusimama dakika mbili tu, na ukiletewa maji au chai, pokea kwa mkono wa kulia. Kabla ya kuaga, muulize arobaini itakuwa siku gani, na kama unaweza kuja mapema kuwasaidia kupika.